La Peyronie, mpasuaji wa mfalme aliyeandika juu ya ugonjwa ambao wanaume wanauficha

Kuna ugonjwa ambao mwanaume anaweza kukaa nao miaka bila kumwambia mtu, hata bibi yake. Uume ukisimama unapinda, kuelekea juu, chini au kando. Miezi ya kwanza mara nyingi unauma. Mtu akipapasa anasikia kitu kigumu chini ya ngozi, kama punje ya hindi. Baadaye, kwa wanaume wengi, hata nguvu za kusimama zinapungua, na tendo la ndoa linakuwa gumu au halifanyiki kabisa.

Kutoka Kavimvira hadi Kalundu, na kufuata pwani kuelekea Makobola, Mboko na Baraka, jambo la namna hii likitajwa linatajwa kwa sauti ya chini. Mmoja atasema mtu amerogwa. Mwingine atasema ni malipo ya uzinzi. Wa tatu atamtuma sokoni kununua mizizi. Hospitalini ugonjwa huo una jina: ugonjwa wa La Peyronie. Si jina la mdudu wala la dawa. Ni jina la mtu, mpasuaji Mfaransa aliyekufa mwaka 1747, aliyemhudumia mfalme na aliyetumia nusu ya maisha yake kupigania heshima ya kazi ambayo wakuu wa wakati wake waliidharau.

Maisha yake yanafaa kujulikana huku kwetu, kwa sababu kazi yake ilianza mahali ambapo watu wengi wanakwama: kukubali kuangalia sehemu ya mwili ambayo hakuna anayetaka kuitaja.

Mtoto wa kinyozi

François Gigot de La Peyronie alizaliwa tarehe 15 Januari 1678 Montpellier, mji wa kusini mwa Ufaransa, karibu na bahari ya Mediterania. Baba yake alikuwa kinyozi na mpasuaji kwa pamoja. Leo jambo hilo linachekesha, lakini zamani zile ilikuwa kazi moja. Mtu aliyenyoa ndevu asubuhi ndiye aliyeng'oa jino bovu mchana, akapasua jipu, akatoa damu kwenye mshipa na kuunga mfupa uliovunjika. Wembe ulikuwa mkononi mwake tayari, basi kila kazi ya kukata mwili ilikuwa yake.

Madaktari walikuwa watu wa tabaka lingine. Walisoma chuo kikuu kwa Kilatini, walivaa kanzu ndefu, na hawakuchafua mikono yao kwa damu. Daktari alitoa amri, kinyozi akatekeleza. Montpellier ulikuwa mji wa madaktari hasa. Shule yake ya udaktari ilipewa sheria zake mwaka 1220, na ni kati ya shule za kale kabisa za Ulaya. Mtoto wa kinyozi aliyekulia katika mji huo alijua mapema nani anapewa kiti na nani anabaki amesimama.

Kijana La Peyronie alisoma kwanza kwa mapadri Wajesuiti. Mwaka 1695, akiwa na miaka 17, alipata cheti cha kinyozi-mpasuaji. Akaenda Paris kujifunza kwa Georges Mareschal, mpasuaji mkuu wa hospitali ya Charité, ambaye baadaye alichukuliwa na mfalme Louis XIV kuwa mpasuaji wake wa kwanza. Urafiki wa mwalimu na mwanafunzi wake ulidumu miaka 40, na ndio uliobadilisha historia ya upasuaji Ufaransa.

Aliporudi Montpellier alifundisha muundo wa mwili wa binadamu na kufanya kazi ya upasuaji katika hospitali ya mji. Mwaka 1704 alifuata jeshi la jemadari Villars katika milima ya Cévennes, ambako Waprotestanti walikuwa wameasi dhidi ya Louis XIV. Vita vilimfundisha mengi, kama vinavyowafundisha wapasuaji wa kila nchi. Tukumbuke kwamba dawa ya kumlaza mgonjwa usingizi haikuwapo. Ilikuja mwaka 1846. Mgonjwa alifungwa au alishikwa na wanaume wenye nguvu, na mpasuaji mzuri alikuwa yule mwenye mkono mwepesi na moyo usiotetemeka.

Paris inamwita

Miaka ya mwisho ya Louis XIV, aliyekufa 1715, mtawala mmoja mkubwa, mtemi wa Chaulnes, aliugua donda lenye tundu karibu na njia ya haja kubwa. Ni ugonjwa wa aibu pia, ambao mtu hapendi kuuonyesha. La Peyronie aliitwa kutoka Montpellier, akamtibu, na mgonjwa akapona. Mfalme mwenyewe alikuwa amepasuliwa kwa ugonjwa wa namna hiyo mwaka 1686, na tangu siku ile wakuu wa Ufaransa walianza kuelewa kwamba mkono wa mpasuaji unaweza kufanya jambo ambalo Kilatini cha madaktari hakiwezi.

La Peyronie alibaki Paris. Alifundisha, akafanya kazi katika hospitali ya Charité, akachaguliwa kumrithi Mareschal pembeni ya mfalme mpya, Louis XV, na mwaka 1721 akapewa cheo cha ukabaila. Mtoto wa kinyozi akawa mtu wa ikulu ya Versailles.

Angeweza kutosheka hapo. Lakini yeye na Mareschal waliona kwamba cheo cha mtu mmoja hakiponyi kazi nzima. Wapasuaji wengine walibaki kuhesabiwa pamoja na vinyozi na watengeneza mawigi, na kitivo cha madaktari cha Paris kilitaka hali hiyo iendelee. Mwaka 1724 mfalme alikubali kuteua walimu watano wa kufundisha upasuaji hadharani katika shule ya wapasuaji ya Saint-Côme. Madaktari walikasirika. Walisema kufundisha ni haki yao, na kwamba mtu wa wembe hana elimu ya kusimama mbele ya wanafunzi.

Jibu la La Peyronie lilikuwa kazi. Tarehe 18 Desemba 1731 Chuo cha Kifalme cha Upasuaji kilifanya kikao chake cha kwanza. Wazo lake lilikuwa rahisi: kila mpasuaji aandike anachokiona, aeleze mgonjwa alikujaje, alifanyiwa nini, na mwisho wake ulikuwa upi, hata kama mwisho huo ni kifo. Maandishi yasomwe mbele ya wenzake, wayachambue, kisha yachapwe kitabuni. Kwa njia hiyo mpasuaji wa mji mdogo angeweza kujifunza kutokana na mgonjwa ambaye hakumwona.

Mareschal alikufa mwaka 1736, na La Peyronie akawa mpasuaji wa kwanza wa mfalme. Agosti 1744 Louis XV aliugua vibaya katika mji wa Metz, akiwa vitani, hata akadhaniwa atakufa. La Peyronie alikuwa pembeni ya kitanda chake. Mfalme alipona, na raia wakampa jina la Mpendwa.

Mwaka 1743

Mwaka mmoja kabla ya ugonjwa huo wa Metz, mambo mawili yalitokea ambayo yameweka jina la La Peyronie mpaka leo.

La kwanza, tarehe 23 Aprili 1743, mfalme alitoa amri ya kutenganisha wapasuaji na vinyozi. Tangu siku hiyo mtu wa Paris aliyetaka kuwa mpasuaji alipaswa kwanza kusoma na kupata shahada ya chuo, kama msomi mwingine. Wembe wa ndevu na kisu cha mgonjwa viliachana. Mpasuaji yeyote anayefanya kazi leo Uvira, Bukavu au Bujumbura, aliyepita chuo kikuu kabla ya kushika kisu, anafuata njia iliyofunguliwa kwa amri za namna ile.

La pili, mwaka huohuo kilitoka kitabu cha kwanza cha maandishi ya Chuo cha Upasuaji. Ndani yake La Peyronie aliandika makala juu ya vizuizi vinavyoizuia mbegu ya kiume kutoka kwa njia ya kawaida. Alieleza kuhusu wanaume waliokuja kwake wakiwa na vinundu vigumu vilivyopangika kwenye urefu wa uume kama shanga za rozari. Uume wao uliposimama ulijikunja, na mbegu haikufika inapopaswa kufika. Kwa wanaume hao haikuwa shida ya kitandani tu. Katika nchi ambako jina, ardhi na cheo vilipita kwa mtoto wa kiume, mwanaume asiyezaa alionekana kama mti uliokauka. Msomaji wa pwani ya Tanganyika hahitaji kufafanuliwa hilo.

La Peyronie hakuwa wa kwanza kuona ugonjwa huu. Muitalia Falloppio aliutaja tangu mwaka 1561. Tofauti ni kwamba La Peyronie aliueleza wazi, kama anavyoeleza kidonda cha mguu au mfupa uliovunjika, na aliuweka katika kitabu kilichobeba jina la mfalme. Mpasuaji mkuu wa nchi, mwenye umri wa miaka 65, aliyekuwa na kila sababu ya kulinda heshima yake, aliona kwamba heshima haimkatazi kuandika juu ya uume wa mgonjwa. Ndiyo sababu ugonjwa ulichukua jina lake.

Alipoona vizuri na alipokosea

Dawa aliyoipendekeza ilikuwa maji ya moto ya Barèges, chemchemi ya milima ya Pyrénées, mpakani mwa Ufaransa na Uhispania. Kwetu pia maji ya moto si kitu kigeni: yanatoka chini ya ziwa Tanganyika, Pemba na kwenye rasi ya Banza huko Ubwari. Yanaweza kulegeza misuli iliyochoka. Hayawezi kuyeyusha kovu lililo ndani ya uume.

Hapo alikosea, kama alivyokosea aliposoma majeraha ya ubongo na kudhani amepata mahali ambapo roho inakaa, kwenye daraja linalounganisha nusu mbili za ubongo. Alichoandika kwa kuona kwa macho yake kimesimama karibu miaka 300. Alichokisia kimeanguka. Ndiyo maana alitaka wapasuaji waandike kila kitu: anayekuja nyuma apate mahali pa kusahihisha.

Leo inajulikana kwamba ndani ya uume kuna mirija miwili laini kama sponji, imezungukwa na gamba gumu linalovutika. Damu ikijaa, gamba linavutika na uume unasimama wima. Gamba hilo likiumia, mara nyingi kwa majeraha madogo ambayo mtu hakuyajali, linaweza kufanya kovu. Kovu halivutiki. Chukua mpira wa ndani wa baiskeli, bandika kiraka kigumu upande mmoja, kisha pampu: utajikunja kuelekea kwenye kiraka. Uume unafanya vivyo hivyo.

Ugonjwa huu unaonekana zaidi kwa wanaume waliopita miaka 50, na wenye ugonjwa wa sukari wako hatarini zaidi. Si kansa. Hauambukizi. Hautokani na uchawi.

Urithi wake

La Peyronie alikufa Versailles tarehe 25 Aprili 1747. Mali yake aliwaachia wapasuaji wa Paris na wa Montpellier. Vitabu vyake vilikwenda kwenye maktaba yao. Kwa urithi wake Montpellier ilijenga jumba la Saint-Côme, lenye ukumbi wa mviringo ambamo wanafunzi waliweza kuona vizuri mwili unavyofunguliwa na kufundishwa. Jumba hilo lingali linasimama. Mapinduzi ya Ufaransa yalivunja Chuo cha Kifalme cha Upasuaji mwaka 1793, lakini vitabu vyake vilibaki.

Leo hospitali kubwa ya Montpellier inaitwa Lapeyronie, na mbele ya mlango wa shule ya udaktari, ileile ambayo zamani iliwadharau watu wa wembe, sanamu yake imesimama upande mmoja, na sanamu ya daktari Barthez upande mwingine. Mpasuaji na daktari sasa wanapokea wageni pamoja.

Kutoka maji ya moto hadi vipandikizi

Wapasuaji waliokuja baada yake waliendelea na kazi ile. Mwaka 1936 Nikolai Bogoraz, katika Umoja wa Kisovyeti, alitumia gegedu la ubavu kuupa nguvu uume aliokuwa ameujenga upya. Mwaka 1965 Reed Nesbit wa Marekani alieleza namna ya kunyoosha uume kwa kufupisha upande ulio kinyume na mpindo. Njia hiyo inafaa kwa mwanaume ambaye uume wake umepinda lakini bado unasimama vizuri.

Kwa mwenye shida zote mbili, mpindo na kukosa nguvu, hatua kubwa ilikuja mwaka 1973. Brantley Scott na wenzake, Marekani, walitangaza kipandikizi kinachojazwa maji. Mirija miwili inawekwa ndani ya uume, pampu ndogo inafichwa ndani ya korodani, na mfuko mdogo wa maji ya chumvi unawekwa tumboni. Mwanaume akibonyeza pampu, maji yanaingia kwenye mirija na uume unasimama. Akimaliza, anayarudisha. Kwa nje hakuna kinachoonekana. Kuna pia aina nyepesi zaidi, vijiti viwili vinavyokunjika kwa mkono, visivyo na pampu.

Mwaka 1994 Steven Wilson na John Delk walieleza jambo ambalo pengine lingemfurahisha mtoto wa kinyozi wa Montpellier, kwa sababu linategemea mikono. Mpasuaji akishaweka mirija na kuijaza, anaushika uume na kuukunja taratibu upande ulio kinyume na mpindo mpaka kovu lilegee. Mpindo ukibaki mkubwa, kovu linakatwa na pengo linazibwa kwa kiraka.

Anayefikiria upasuaji huu anapaswa kujua mambo manne. Kwanza, haufanywi ugonjwa ukiwa bado mbichi: maumivu yawe yamekwisha na mpindo uwe umeacha kubadilika kwa miezi kadhaa. Pili, hauna kurudi nyuma: kipandikizi kikishaingia, uume hautasimama tena wenyewe kama zamani. Tatu, haurudishi urefu uliopotea kwa ajili ya kovu. Nne, vijidudu vikiingia kipandikizi hulazimika kutolewa. Jambo hilo hutokea kwa watu wachache, lakini hatari inaongezeka sukari isipodhibitiwa. Wengi wanaopona vizuri wanakitumia zaidi ya miaka 10.

Bei ni kizuizi kingine, kwa sababu chombo peke yake kinaweza kufikia maelfu ya dola. Kwa mvuvi wa Kalundu au mkulima wa bonde la Ruzizi hizo ni pesa za miaka. Lakini si kila mwanaume mwenye mpindo anahitaji kipandikizi. Wengi wana mpindo mdogo usiozuia ndoa, na hao wanahitaji tu kuelezwa kwamba hawana kansa wala laana. Wengine wanasaidiwa kwa vidonge vya kuongeza mwendo wa damu, vilivyoandikwa na daktari na si vya kununua njiani, kwa sababu vinaweza kumuua mtu anayetumia dawa za moyo za aina ya nitrati. Kukosa nguvu kunaweza pia kuwa alama ya kwanza ya ugonjwa wa sukari, wa presha au wa moyo. Anayekwenda kupimwa kwa ajili ya uume anaweza kugundua kitu kinachohatarisha maisha yake yote.

Mwanaume aliyeona mpindo mpya, uvimbe mgumu au maumivu asisubiri. Aende hospitali kuu ya rejea, aombe kuonana na daktari, na amweleze mambo matatu: mpindo ulianza lini, unaelekea wapi, na kama nguvu zimepungua. Akiweza, aende na bibi yake, maana naye anabeba mzigo huo nyumbani, na mara nyingi amekaa akidhani kwamba mume amepata mwanamke mwingine. Daktari hatashangaa. Ugonjwa huo umeandikwa vitabuni tangu zamani, na mpasuaji wa mfalme hakuona haya kuuandika.